Plato Mbili za Uzi Mwekundu

Mwezi uliopita ilisomwa arobaini ya Mama Zena, kwenye nyumba ileile ya barabara ya Wagenia ambako nililala mwaka mzima nikiwa msichana wa shule ya uuguzi. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake, kitambaa kichwani, nikiitikia amina mahali nilipojua na kunyamaza mahali nisipojua, kama alivyonifundisha mwenyewe. Wali ukaliwa, chai ya tangawizi ikanywewa, watu wakapungua. Ndipo mwanawe Ramazani, aliyerudi kutoka Ubelgiji na koti lisilofaa joto letu, akatuita chumba cha nyuma sisi tuliokuwa karibu na mama yake, ili kila mmoja achukue kitu cha ukumbusho. Juu ya meza, chini ya kitenge, ilikuwepo mashini yake ya kukaushia vyakula. Akaifunua kwa fahari kidogo, maana yeye ndiye aliyeituma zamani ndani ya sanduku la msafiri, akaanza kuzitoa plato zake moja moja, zile sinia za plastiki zenye matundu ambazo vitu hupangwa juu yake vikauke. Zilikuwa tano. Tatu zilikuwa zimegeuka rangi ya chai kwa kazi ya miaka. Mbili zilikuwa nyeupe, karibu mpya, na kila moja ilikuwa na uzi mwekundu umefungwa ukingoni. Ramazani akauliza uzi ule ulikuwa wa nini. Mmoja akasema labda ni alama ya matunda. Mwingine akasema Mama alikuwa na mambo yake. Mama Mwajuma, ambaye siku hizi ni mzee sana na huja na kiti chake mwenyewe popote aendapo, akaninyooshea kidole. "Bena anajua," akasema. Nilijua. Lakini niliomba kwanza maji ya kunywa, ikabidi wangoje.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimepita, kuta za mtaa zilikuwa bado na matundu ya risasi, na maboti kutoka Kinshasa yalikuwa yameanza tena kupanda mto. Papa, baba yangu, alinileta kwa mtumbwi kutoka kijijini kwetu Yanonge na kunikabidhi kwa Mama Zena kwa sababu moja tu: zamani alikuwa akimuuzia samaki wa moshi marehemu mumewe, na katika biashara ile hawakuwahi kukosana. Sisi ni Wakatoliki wa mtoni, wao ni Waislamu wa mjini tangu enzi za mababu wa misafara, na sikujua mtu mwingine yeyote Kisangani. Bila kitanda kile hapangekuwa na shule. Jambo hilo nililijua kila asubuhi nilipokunja chandarua, na ninaomba msomaji naye alishike, maana mengine yote yanatoka hapo.

Kitanda chenyewe kilikuwa chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kilikuwa cha mashini kabla hakijawa changu. Prizi ya umeme iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ilikuwa moja, na ilikuwa humo. Kwa hiyo umeme ulipokuwepo nililala na mvumo wa feni yake na joto lake, na harufu ya nanasi iliingia kwenye nguo zangu hadi wenzangu shuleni wakanibatiza Mamiselle Nanasi. Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba miezi ya kwanza, nilipokuwa nikiwalilia wa nyumbani, mvumo ule ulinituliza, kwani ulikuwa kama pumzi ya mtu mwingine chumbani. Asubuhi Mama Zena aliingia bila kubisha, akageuza plato, ya chini juu, ya juu chini, maana hewa moto hutoka kitakoni na plato ya chini hutangulia kukauka. Kisha alinitazama, akaniuliza kama nimelala, na kabla sijajibu alikuwa amenitia mdomoni kipande cha nanasi. Kama kilikunjika bila kuvunjika na hakikunata menoni, kilikuwa tayari. Nilikuwa kipimo chake kabla ya kupiga mswaki.

Kazi ilikuwa na adabu yake. Nanasi lilikatwa jembamba, kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Embe lisiwe limeiva mno, papai vivyo hivyo. Nyama ya ng'ombe aliikata kufuata nyuzi zake, mikanda mirefu, akailaza katika chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, kisha akaichovya kwenye maji yanayochemka kabla ya kuipanga, na hapo mimi mwanafunzi wa uuguzi nilimuunga mkono kwa maneno makubwa ya vijidudu aliyoyasikiliza kwa heshima huku akiendelea kufanya alichokuwa akikifanya tangu mwanzo. Jambo gumu halikuwa kukausha. Jambo gumu lilikuwa kubaki kavu, katika mji ambao hata chumvi hulia maji mezani. Plato ikitoka, vipande viliingia chupani wakati huohuo, kifuniko kikabanwa, na ole wako ukiiacha wazi ukiitikia hodi ya jirani. Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Ukikatika nusu ya kazi, tulibeba plato mbio mpaka jikoni, tukazitega juu kabisa ya makaa yaliyofunikwa majivu, zisije zikayeyuka, tukakaa kuzilinda na kusimuliana habari za watu.

Wateja hawakuja kirahisi. Watu wa Kisangani wanaijua nyama ya moshi tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, na nyama isiyonuka moshi, kwa maoni yao, ni mbichi iliyojificha. Wanawake waliigusa, wakainusa, wakauliza moto uko wapi. Mama Zena akaona dawa ni kibao. Alimwita mchoraji wa mtaa, akamuonyesha maneno ya Kifaransa yaliyokuwa kwenye katoni ya mashini, yaliyosema kwamba hicho ni chombo cha kukaushia vyakula. Mchoraji yule alipenda herufi kubwa. Alianza na neno la kwanza, Séchoir, akalipamba kwa kivuli cha bluu, na alipoinua kichwa ubao ulikuwa umekwisha. La vyakula halikupata nafasi. Akasema haidhuru, watu wataelewa, akapokea sahani ya wali akaenda zake.

Watu walielewa, ila walielewa vyao. Kwetu neno lile ni la saluni, ni ile kofia ya moto wanayokaa chini yake wanawake baada ya kuoshwa nywele. Jumamosi moja mchana mwanamke mnene mwenye sauti aliingia parsele, kiwanja cha nyumba yetu, nywele zinatiririka maji, bigudi za kuviringia nywele kichwa kizima, akaketi barazani bila kukaribishwa na kusema ana haraka, jioni ana harusi, tumuwekee seshuari. Huyo ndiye alikuwa Mama Mwajuma, mkubwa wa akina mama wa msikitini, mtu ambaye neno lake katika mtaa lilitangulia la wengi. Nilikimbilia jikoni kucheka nikiwa nimeuma kanga. Mama Zena hakucheka. Alimletea taulo, akamsaidia kufuta shingo, akamwambia taratibu kwamba seshuari yetu ni ya nanasi, si ya kichwa, lakini maadamu amefika basi apumzike. Akampa sahani. Mama Mwajuma akala kipande kimoja kwa hasira, cha pili kwa udadisi, na alipoondoka kutafuta saluni ya kweli alikuwa na mfuko mzima mkononi. Wiki iliyofuata wakaja wenzake. Wake za askari wa kambi ya Kapalata wakaanza kuagiza nyama ya kuwapelekea waume zao safarini. Na ilipokaribia Ramadhani, Mama Mwajuma aliagiza kwa niaba ya nyumba nyingi za mtaa: nyama ya kutia kwenye mchuzi wa futari, maembe na nanasi za watoto. Sijawahi kumuona Mama Zena na furaha kama ile. Alikuwa akiimba huku akimenya.

Siku hizo ndipo Papa alipokuja kunitazama. Alitokea asubuhi na kofia yake ya Jumapili, kifurushi cha majani begani, na kabla ya kukaa alikinyoosha kwa mikono miwili kwa Mama Zena. Ndani alikuwa mboloko, yule paa mdogo wa msituni, amechunwa vizuri, mzima. Papa alikuwa na hotuba yake, nadhani aliipanga mtoni njia nzima. "Mama, miye niliuliza batu kwanza," alisema. "Banasema Baislamu banakataa ngulu. Bon. Hii haiko ngulu. Hii iko mboloko, nilimukuta ku mutego jana, iko safi. Ni ya kusema aksanti juu ya mutoto." Kuuliza si ujinga, na Papa aliuliza habari za ngulu, yaani nguruwe. Tatizo ni kwamba aliuliza watu wa Yanonge, na watu wa Yanonge walijua nusu. Hata mimi nilijua nusu. Kila wiki nilimuona Mama Zena akimpeleka kuku kwa mzee wa kisu, nikadhani ni desturi ya kuku. Nilimuona sasa akiitazama ile shingo, ikiwa nzima, bila mkato wowote, kisha akiutazama uso wa Papa. Mnyama aliyekufa mtegoni bila kisu na bila jina la Mungu kutajwa, kwao ni nyamafu. Hailiwi, haiuzwi, haigusi chungu. Haya yote nilikuja kuambiwa baadaye. Siku ile niliona tu kwamba aliupokea mzigo kwa mikono miwili kama ulivyotolewa.

"Aksanti sana, Papa wa Bena," alisema. "Hii njo heshima. Leo utaikausha weye mwenyewe, nione namna batu ya mutoni banakata nyama." Papa alifurahi mpaka kofia ikakaa upande. Mama Zena aliingia chumbani, akatoa plato zote za nanasi zilizokuwa zikikauka, akaziweka pembeni zikingoja, akachagua plato mbili tupu na kuzipanga peke yake juu ya kitako cha mashini. Papa akakata kwa kisu chake mwenyewe, akapanga kwa mikono yake mwenyewe, akabonyeza swichi, akaketi mbele ya mashini kutwa nzima akiisikiliza. Nanasi zetu zikachacha zikingoja. Chakula cha mchana kilipowekwa, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki, Papa alimwomba mwenye nyumba aonje vipande vya kwanza. Akamjibu kwamba leo hali mpaka magharibi. Na ili lisiwe uongo, hakutia kitu kinywani tangu saa ile mpaka jua lilipozama, hata maji, ingawa ilikuwa siku ya joto na yeye alikuwa mtu wa chai. Mimi na Papa tulikula mboloko. Ilikuwa tamu sana, na inaniuma kusema hivyo.

Kesho yake Papa alikuwa akijiandaa kuondoka Mama Mwajuma alipoingia kuulizia maagizo yake. Mama Zena alikuwa bombani. Papa, mkarimu wa watu, akamkuta mgeni barazani na akaona si vizuri mgeni akae mdomo mtupu. Akamletea vipande kwenye sahani. Akamwambia ale, ni mboloko, amemkamata mwenyewe. Mama Mwajuma alikuwa amekwisha kuinua kipande. "Nani alichinja?" akauliza, kwa desturi tu, kama mtu anavyouliza hali.

"Mutego, Mama," akajibu Papa, na akatabasamu.

Nilisimama mlangoni na ndoo. Mama Mwajuma alikirudisha kipande sahanini polepole. Hakusema neno baya, Mungu ni shahidi. Alisema ameshiba, akamtakia Papa safari njema, akanitazama mimi, akaitazama mashini kupitia mlango uliokuwa wazi, akaenda zake. Papa alirudi Yanonge akiamini ameilisha nyumba. Kabla ya jua kuzama, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba seshuari ya Mama Zena inakausha nyamafu, na kufikia kesho yake ilikuwa inakausha nyamafu tangu ilipofika, na nyama yetu yote ya ng'ombe ya siku za nyuma ikatiliwa shaka. Wake za askari waliendelea kununua. Nyumba za Ramadhani ziliacha, moja baada ya nyingine, kwa udhuru wa adabu: mgonjwa, safari, wageni.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mabati kwa upande wa nyuma, na wanawake watatu waliokuja kumuona Mama Zena walikaa upande huohuo, kwenye kivuli. Nilikuwa kitandani na daftari la dawa mapajani. Walizungumza kwa upole, na upole wao ndio ulionitisha. Walisema hawamlaumu, yeye ni mjane, ana moyo mwepesi. Lakini Ramadhani iko mlangoni. Mashini itolewe chumba kile, isafishwe, na mtoto wa Kikristo atafutiwe mahali pengine, kwa masista huko, watu wapate kutulia. Baba yake atakuja tena, walisema, na ataleta nini safari ijayo? Sauti ya Mama Zena sikuisikia kabisa. Nilisikia tu kikombe kikiwekwa chini. Nikaanza kukunja nguo zangu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa hata wakati wa mabomu, kwa maana mabomu yalikuwa ya wote, na hili lilikuwa langu peke yangu. Niliwaza nitamwambia nini Papa: kwamba zawadi yake ndiyo iliyonifukuza? Nilikuwa tayari kusingizia homa, kusingizia kufeli, chochote kile ila hilo.

Mama Zena alinikuta na mfuko umefungwa. Akaufungua, akarudisha nguo kwenye msumari wake, akaniambia nitangulie uani na sabuni. Ijumaa ile baada ya swala, wanawake wakiwa wanapita kurudi majumbani, alikuwa ameketi katikati ya uwanja karibu na bomba, mlango wa barabara wazi kabisa, plato zote tano mbele yake. Mama Mwajuma akasimama, na waliokuwa naye wakasimama. Hakuna aliyeitwa, na hakuna aliyeweza kupita. Mama Zena aliziosha plato moja moja kwa maji mengi, akazisuuza, akazisuuza tena, akazianika kwenye kitambaa cheupe. Kisha akatoa kwenye pindo la kitenge kibunda cha uzi mwekundu wa kushonea, akakata kwa meno, akafunga kwenye ukingo wa plato mbili. Nakumbuka mafundo yake, madogo, yamekazwa kwa ncha ya kucha.

"Hizi tatu njo za kazi," akasema. "Hizi mbili njo za papa ya huyu mutoto. Akileta nyama yake, siku hiyo mashini iko yake, na zangu zitangoja. Maji inatosha kuzisafisha, munajua kama miye. Mwenye kuogopa, asinunue, sitakasirika. Lakini mutoto hatoki."

Mmoja akanong'ona kwamba yule baba alipaswa kujua. Mama Zena akamgeukia Mama Mwajuma, si yule aliyenong'ona, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Aliuliza batu tunakataa nini, banamuambia ngulu, akafurahi, akaleta. Na weye, Mwajuma, ulisoma kibao yangu, ukakuja hapa na nywele maji. Nani alikucheka?"

Mimi nilikuwa nimecheka, jikoni, lakini hilo tulilijua mimi na kanga yangu tu. Mama Mwajuma aligusa kitambaa kichwani mwake, mahali ambapo siku ile zilikuwepo bigudi. Nilidhani ataondoka. Akaingia, akavuta kiti, akauliza kama nanasi la leo limeshakauka. Halikuwa limekauka, na mashini haikuwa hata imewashwa. Akasema atangoja. Wenzake wakatazamana, wengine wakaenda, wawili wakabaki.

Ningependa kusema kwamba Ramadhani ile tuliuza kila kitu. Hapana. Nyumba kadhaa hazikurudi mwezi ule, na zipo ambazo hazikurudi milele. Maembe mengi tulikula wenyewe. Lakini Mama Mwajuma alikuja kuchukua nyama yake mchana, mlango wa mbele, kifurushi kikiwa juu ya kichwa ili kila mtu akione, na aliyejua kusoma alisoma. Nami nilibaki. Nilifanya mitihani yangu ya mwaka ule katika chumba chenye harufu ya pilipili na ndimu, na nilipofaulu, Mama Zena alienda mwenyewe sokoni kumtafuta kuku, akampeleka kwa mzee wa kisu, na safari hii alinichukua nikaone. Akanieleza yote pale, njiani, kuku akiwa ndani ya kikapu. Alieleza bila kunisuta, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi.

Papa sikumwambia mpaka nilipokwenda likizo. Tulikuwa mtumbwini, yeye anapiga kasia, na nilimweleza nusunusu, nikilainisha. Aliacha kupiga kasia kwa muda, mtumbwi ukachukuliwa na maji kidogo, kisha akaendelea. Safari yake iliyofuata aliingia parsele ya Mama Zena na jogoo chini ya kwapa, jogoo mkali, akamwinua mbele ya macho yake. "Mama, muangalie muzuri," alisema. "Huyu anapumua." Mama Zena alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile Papa hakuleta tena kitu kilichokufa katika nyumba ile. Alileta jogoo, bata, mara moja mbuzi aliyekula kamba ya mtumbwi na nusura awazamishe. Na kila mara Mama Zena alimuonyesha plato zake mbili, safi, zenye uzi, akamwambia zipo, zinamngoja. Papa alizishika, akazitazama, akazirudisha. Mpaka alipofariki, miaka mingi sasa, hakupanga juu yake hata ukoko.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Ramazani siku ya arobaini, baada ya kunywa maji. Alisikiliza akiwa ameshika plato moja yenye uzi, akiipitisha kidole gumba ukingoni. Nilipomaliza akasema kwamba mama yake, kwa miaka yote, kwenye simu, alimlalamikia kwamba plato hazitoshi, maagizo ni mengi, amtafutie zingine. Mashini ya aina ile ilikuwa imeacha kutengenezwa. "Nilikuwa namuambia: Mama, uko nazo tano," akasema. "Na yeye alikuwa anajibu: tatu, mwanangu, niko nazo tatu. Nilizani uzee unaanza." Hapo nikaelewa jambo ambalo sikulielewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani zile mbili zilikuwa maneno ya siku moja, ya kuwanyamazisha watu mlangoni. Kumbe alilipa karibu nusu ya kazi ya mikono yake, kila siku, mpaka mwisho, ili Papa akija akute mahali pake, na Papa naye akaenda kaburini akihakikisha mahali pale hapachafuki. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana lolote. Kila mmoja alimpisha mwenzake, na plato zikabaki nyeupe.

Ramazani akaniambia nichukue mashini yote. Nilikataa. Nyumbani kwangu, nilimwambia, mume wangu hawezi Jumapili bila ngulu, na ninyi mtakuja kula nini kwangu kilichokaushwa ndani yake? Ikae huku huku, kwa mtu wa huku. Wakati tukibishana, Mama Mwajuma alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo siku hizi si dogo. Akamnyang'anya Ramazani plato ile, akaichukua na ya pili juu ya meza, akatoka nazo uani akiburuta viatu. Tukamfuata hadi bombani. Aliziosha kwa maji mengi, akazisuuza, akazisuuza tena, akazifuta kwa kitenge alichokivaa, bila kugusa zile nyuzi. Kisha akanipa.

"Beba mashini, mwanangu," akasema. "Kwako, tatu zitakuwa zenu, mukaushe ngulu yenu. Hizi mbili sasa njo zangu. Na siku nitakuja na nywele maji, usikimbilie jikoni kucheka. Nilikusikia."